Vikomo vya Kumbukumbu vya Mchakato katika Seva ya Hifadhidata ya Unix: Kinachohesabiwa na Kisichohesabiwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna kiasi cha kumbukumbu kinachoruhusiwa kwa mchakato mmoja kinavyowekwa na kurekebishwa katika seva ya hifadhidata inayoendeshwa kwa Unix au kwa mojawapo ya mifumo iliyotokana nayo, kama vile FreeBSD na Linux. Jambo lenyewe likitazamwa juujuu huonekana dogo: ni tarakimu moja katika mstari mmoja wa faili moja. Hata hivyo, tarakimu hiyo ndiyo inayoamua, siku seva inapoelemewa, ni nani atakayeumia. Tuseme kuna hospitali ambayo masjala yake, duka lake la dawa na maabara yake vyote vinaandika katika hifadhidata moja. Swali moja zito la takwimu za mwaka mzima laweza kukataliwa na kazi nyingine zote zikaendelea. Laweza pia kuwakatia kazi watu wote kwa mpigo mmoja, akiwamo muuguzi aliyekuwa katikati ya kuandika jina la mgonjwa. Mashine huwa ni ile ile. Vinavyotofautiana ni vikomo vilivyowekwa.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kikomo hakiwezi kurekebishwa sawasawa kabla ya kujulikana kinahesabu nini. Wasimamizi wengi wa seva hupata matatizo wakiwa na tarakimu nzuri mikononi, kwa kuwa wamedhani kinahesabiwa kitu ambacho kwa kweli hakihesabiwi.

2.0 Maneno yanayotumika

Yafaa kwanza kutofautisha programu na mchakato. Programu ni maandishi ya maagizo yaliyolala katika diski. Mchakato ni programu hiyo inapotekelezwa. Uhusiano wao unafanana na ule wa utenzi ulioandikwa na kughaniwa kwake: utenzi ni mmoja, lakini waweza kughaniwa na watu kumi mahali kumi kwa wakati mmoja, na kila mghani ana pumzi zake na mahali pake alipofikia. Vivyo hivyo programu moja ya hifadhidata yaweza kuwa na michakato mia, kila mmoja ukiwa na kumbukumbu yake.

Neno kumbukumbu nalo linahitaji tahadhari. Katika lugha ya kila siku kumbukumbu ni kile kinachobaki baada ya tukio kupita. Ndiyo maana kuna majalada ya kumbukumbu na nyumba za kumbukumbu. Kumbukumbu ya kompyuta inayozungumzwa hapa ni kinyume chake, kwani hupotea yote umeme unapokatika. Kinachobaki ni kilichoandikwa katika diski. Hifadhidata nzuri ni ile inayojua wakati wote kipi kiko upande upi.

Programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzipeleka kwenye kiini cha mfumo itaitwa hapa ganda. Lingeweza kutoholewa likawa sheli, lakini kwa wasemaji wengi wa Afrika ya Mashariki sheli ni kituo cha mafuta, na sentensi inayomtaka msimamizi aweke kikomo katika sheli ingemfikisha mbali na seva yake.

Lililo gumu zaidi ni jina la aina mbili za vikomo. Vitabu vya Kiingereza huvitofautisha kwa sifa za ulaini na ugumu, na tafsiri ya neno kwa neno huzaa kikomo laini na kikomo kigumu. Sifa hizo hazimwelezi msomaji kitu. Jambo la kutia moyo ni kwamba waliotunga utaratibu wenyewe waliviita kwa majina mengine ndani ya msimbo: sehemu ya kwanza inaitwa rlim_cur, yaani kikomo cha sasa, na ya pili rlim_max, yaani kikomo cha juu. Majina haya yanaeleza kazi yenyewe. Kikomo cha sasa ndicho kiini cha mfumo kinachokitumia katika kukubali au kukataa ombi. Kikomo cha juu ni dari: mchakato wowote waweza kupandisha kikomo chake cha sasa mpaka kufikia dari hiyo, waweza pia kuishusha dari yenyewe, lakini ukiisha kuishusha hauwezi kuipandisha tena isipokuwa una mamlaka ya mtumiaji mkuu. Makala haya yatatumia istilahi hizo mbili.

3.0 Asili ya vikomo

Unix ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie. Mashine za wakati huo zilikuwa chache na ghali, na mashine moja ilitumiwa na watu wengi kwa zamu ndogo ndogo za sehemu za sekunde. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliichukua Unix na kuiendeleza, na toleo lake la 4.2BSD la mwaka 1983 ndilo lililoleta miito ya getrlimit na setrlimit ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. Kusudi la vikomo lilieleweka kwa urahisi katika mazingira yale. Mtumiaji aliyeandika programu yenye kosa la kuomba kumbukumbu bila kikomo hakupaswa kuwaharibia wenzake. Mtu mmoja alikuwa na mchakato mmoja au michache, kwa hiyo kuuwekea mpaka mchakato kulikuwa takriban sawa na kumwekea mpaka mtu.

Ni katika chuo hicho hicho ambako Michael Stonebraker alianza mradi wa POSTGRES mwaka 1986, mradi uliokuja kuitwa PostgreSQL mwaka 1996. Kwa hiyo kikomo cha mchakato na mojawapo ya hifadhidata zinazosumbuliwa nacho vilizaliwa katika uwanja mmoja. Hilo halikuvifanya vielewane. Seva ya hifadhidata iligeuza dhana ya awali: mchakato haukuwa tena mali ya mtu mmoja aliyeketi mbele ya kiwambo, bali mtumishi wa watu wengi asiowajua.

4.0 Ni nini kinachohesabiwa

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala, na ndipo panapofaa kukaa kwa muda mrefu zaidi.

Mchakato unapoomba kumbukumbu, kiini cha mfumo hakiupi kumbukumbu halisi mara moja. Kinaupa anwani, yaani ahadi. Kumbukumbu halisi hutolewa kurasa kwa kurasa, kwa kawaida ukurasa mmoja ukiwa na baiti 4,096, na hutolewa pale tu mchakato unapoigusa anwani kwa mara ya kwanza. Mchakato unaweza kuwa umeahidiwa gigabaiti sita huku ukitumia megabaiti mia tatu. Kuna vitu viwili, basi, vinavyoweza kuhesabiwa: ahadi na kurasa halisi. Ahadi zenyewe zina mafungu. Kuna eneo la data linalokua kuelekea juu, kuna rundo la miito ya kazi, na kuna maeneo yanayoungwa kando kwa wito wa mmap, ambamo huingia maktaba za programu, faili na mara nyingi vipande vikubwa vya kumbukumbu.

Kila fungu lina kikomo chake, na amri ya ulimit katika ganda huvifikia kwa herufi. Herufi ya d ni ya eneo la data, s ni ya rundo, v ni ya anwani zote kwa jumla, na m ni ya kurasa halisi. Msimamizi anayejali kumbukumbu halisi ya mashine yake kwa kawaida huvutwa na hiyo ya mwisho. Katika Linux atakuwa amepoteza wakati wake. Tangu toleo la 2.4.30 la kiini hicho, kikomo cha kurasa halisi hakina athari yoyote. Amri inapokewa kimya kimya, tarakimu inaonekana ikiulizwa, na hakuna kinachozuiwa. Katika makosa yote yanayojadiliwa hapa, hili ndilo baya kuliko mengine, maana halimpi mtu dalili yoyote.

Kikomo cha eneo la data nacho kina historia yake. Kwa miaka mingi katika Linux kilihesabu tu eneo linalokua kwa wito wa brk. Lakini maktaba ya kawaida ya lugha ya C katika mfumo huo huomba vipande vikubwa, kuanzia takriban kilobaiti 128, kwa njia ya mmap, ambayo haikuhesabiwa. Matokeo yake yalikuwa ya kushangaza: kikomo kiliwazuia waombaji wadogo na kuwapisha wakubwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo la 4.7 la mwaka 2016, ambapo maeneo ya faragha yanayoandikika yaliyoungwa kwa mmap yalianza kuingizwa katika hesabu. Seva mbili zenye mstari ule ule wa kikomo, moja ikiwa na kiini cha kabla ya hapo na nyingine cha baadaye, hazina kikomo kile kile.

Kinabaki kikomo cha anwani zote. Hiki kinatekelezwa kwa uaminifu, lakini kinahesabu kila kitu, pamoja na visivyo mali ya mchakato peke yake. Maktaba inayotumiwa na michakato mia huhesabiwa kwa kila mmoja. Kumbukumbu ya pamoja, ambayo hifadhidata huitumia kutunzia kurasa za majedwali zinazosomwa mara kwa mara, nayo huhesabiwa nzima kwa kila mchakato ulioiunga. Umuhimu wa jambo hili utaonekana katika sehemu ya 6.0.

5.0 Hifadhidata yenye mchakato mmoja

MySQL, iliyoanza Sweden mwaka 1995, huwahudumia wateja wote kwa mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi. Kila mteja ana uzi wake, lakini nyuzi zote huishi ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo kikomo cha mchakato ni kikomo cha hifadhidata nzima. Jambo hili lina faida moja, nayo ni wepesi wa hesabu. Lina hasara pia, kwani kikomo kikifikiwa hakimchagui aliyekosa: ombi la kumbukumbu litakalokataliwa ni lile litakalokuja wakati huo, liwe la swali zito au la mtu aliyekuwa akiingia tu.

Mfano uliojulikana sana ni ule wa MySQL katika FreeBSD kwenye mashine za biti 32. Kiini cha mfumo huo kiliweka dari ya eneo la data kuwa megabaiti 512 kwa mchakato. Msimamizi aliyenunua mashine ya gigabaiti 4 na kuipa hifadhidata gigabaiti moja ya akiba aliiona ikifanya kazi vizuri siku kadhaa, kisha ikaishiwa kumbukumbu wakati mashine yenyewe ilikuwa na kumbukumbu tele iliyolala bure. Kupandisha kikomo kwa amri ya ulimit hakukusaidia, hata kwa mtumiaji mkuu, kwa sababu dari hiyo ilikuwa ndani ya kiini chenyewe. Zamani ilibidi kiini kijengwe upya. Baadaye ikatosha kuandika thamani mpya ya kern.maxdsiz katika faili ya /boot/loader.conf na kuiwasha mashine upya. Mwongozo wa MySQL wenyewe ulitoa mfano wa 1073741824, yaani gigabaiti moja kamili kwa baiti.

Kwa nini basi dari isingeondolewa kabisa? Jibu liko katika udogo wa nafasi ya anwani. Biti 32 hutoa anwani za gigabaiti 4, na kwa kawaida gigabaiti moja kati ya hizo ilishikwa na kiini. Katika tatu zilizobaki, FreeBSD iliweka maeneo ya mmap baada ya nafasi iliyotengewa eneo la data. Kila megabaiti iliyoongezwa kwenye dari ya data ilipunguzwa kutoka upande wa pili, ambako maktaba na marundo ya nyuzi yalihitaji kukaa. Aliyepandisha dari hadi karibu na gigabaiti tatu aliponya ugonjwa mmoja na kuanzisha mwingine, kwani wateja wapya walishindwa kupata nyuzi. Mashine za biti 64 zimeondoa ubanaji huu; katika FreeBSD ya mashine hizo dari hiyo imewekwa kuwa gigabaiti 32, na si rahisi kuigonga bila kukusudia. Tabia ya kufikiri iliyofundishwa na mashine zile za zamani ingali na manufaa: kikomo kimoja kikipandishwa, huulizwa kwanza ni nafasi ya nani iliyochukuliwa.

6.0 Hifadhidata yenye michakato mingi

PostgreSQL hufuata njia nyingine. Mchakato mkuu husikiliza, na kila mteja anapofika huzaliwa mchakato mpya wa kumhudumia yeye peke yake. Michakato yote huunga eneo moja la kumbukumbu ya pamoja, na kando ya hilo kila mmoja una kumbukumbu yake ya faragha kwa kazi kama kupanga na kuunganisha majedwali.

Mtu aliyesoma kwamba kikomo ni cha mchakato mmoja aweza kudhani kwamba gigabaiti mbili zinatosha na kuzidi kwa mteja mmoja. Akiweka kikomo cha anwani zote kuwa gigabaiti mbili katika seva yenye kumbukumbu ya pamoja ya gigabaiti nne, hifadhidata haitawaka kabisa, kwa kuwa mchakato mkuu wenyewe hautaweza kuunga eneo hilo. Mwenzake anayetazama orodha ya michakato hufanya kosa la upande wa pili. Anaona michakato mia, kila mmoja ukionyesha zaidi ya gigabaiti nne, anajumlisha, anapata zaidi ya gigabaiti mia nne katika mashine ya gigabaiti kumi na sita, na kuingiwa na hofu isiyo na sababu. Gigabaiti nne hizo ni zile zile, zimehesabiwa mara mia.

Hesabu yenyewe yaweza kufanywa kama ifuatavyo. Mashine ina gigabaiti 16. Kumbukumbu ya pamoja inapewa 4, yaani robo, kiasi ambacho mwongozo wa PostgreSQL hukitaja kuwa mwanzo mzuri kwa seva iliyotengwa kwa kazi hiyo. Gigabaiti 2 zinaachiwa kiini na huduma nyingine. Zinabaki 10, yaani megabaiti 10,240. Idadi ya wateja inayoruhusiwa, kwa thamani ya kawaida ya programu hiyo, ni 100. Ukigawa sawasawa, kila mteja anapata megabaiti 102 hivi. Mgawanyo huo ni salama, lakini ni wa kibahili, kwani wateja mia hawaulizi maswali mazito kwa pamoja. Wengi wao wakati mwingi wamekaa kimya. Kikomo cha faragha cha megabaiti 512 ni cha busara zaidi, kwa sababu kitahitaji wateja 20 kufikia ukomo wao kwa wakati mmoja ndipo mashine ijae. Kama 20 ni wengi au wachache hilo latokana na kazi ya mahali husika, na hakuna kanuni inayoweza kulijibu kutoka mbali.

Kikomo cha kuandikwa, basi, si megabaiti 512. Ni gigabaiti 4 za pamoja, ambazo ni kilobaiti 4,194,304, ukiongeza kilobaiti 524,288 za faragha, pamoja na nafasi ya maktaba, ya programu yenyewe na ya ziada ambayo eneo la pamoja hulichukua kwa ajili ya daftari zake za ndani. Ukiipa ziada hiyo megabaiti 256, jumla inakuwa kilobaiti 4,980,736. Siku kumbukumbu ya pamoja itakapoongezwa, kikomo hiki nacho sharti kiongezwe, la sivyo nafasi ya faragha italiwa bila mtu kujua.

Ikumbukwe pia kwamba mpangilio uitwao work_mem, ambao thamani yake ya kawaida ni megabaiti 4, hauchukui nafasi ya kikomo. Ni kipimo cha operesheni moja, na swali moja laweza kuwa na operesheni kadhaa za kupanga na kuunganisha. Zaidi ya hayo, tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016 swali moja laweza kugawanywa kwa michakato kadhaa inayosaidiana, kila mmoja ukiwa na kikomo chake kamili. Aliyehesabu mteja mmoja kuwa mchakato mmoja hana budi kurudia hesabu yake.

Kuhusu rundo, linatosha neno moja. Anayelizidisha hapewi jibu la kukataliwa. Mchakato wake huanguka. PostgreSQL hujilinda kwa mpangilio wa max_stack_depth, wenye thamani ya kawaida ya megabaiti 2, nao sharti ubaki chini ya kikomo cha s kwa megabaiti moja hivi.

7.0 Kukataliwa na kuuawa

Swali lililobaki ni kwa nini kuwepo kikomo kabisa. Ikiwa mashine ina kumbukumbu, si bora kila mchakato uchukue unachohitaji?

Linux kwa desturi yake hutoa ahadi zaidi ya kumbukumbu iliyonayo. Tabia hiyo inafanana na ya mwenye nyumba ya wageni anayepokea nafasi za vitanda hamsini hali anavyo arobaini, akitumaini kwamba si wote waliolipia watafika. Mara nyingi matumaini hayo ni sahihi, na vitanda havikai bure. Usiku wa mkesha wa Idi wote wakifika, hawezi tena kumkatalia mtu mlangoni kwa sababu wote wamekwisha kukubaliwa. Inambidi amtoe mmoja aliye ndani. Kiini cha Linux hufanya hivyo hivyo: huchagua mchakato, kwa kipimo kinachotegemea zaidi wingi wa kumbukumbu unayoitumia, na kuuua papo hapo. Katika seva ya hifadhidata, mwenye mizigo mingi kuliko wote kwa kawaida ni hifadhidata yenyewe.

Mchakato mmoja wa PostgreSQL ukiuawa namna hiyo, mchakato mkuu hauwezi kujua kama marehemu alikuwa katikati ya kuandika katika kumbukumbu ya pamoja. Kwa hiyo hauiamini tena. Unawakatia wateja wote mawasiliano, unaanza upya, na kurejesha hali kutoka daftari la mabadiliko lililomo katika diski. Yaliyothibitishwa hayapotei. Yaliyokuwa njiani yote yanapotea, ya mkosaji na ya wasio na kosa.

Mchakato uliogonga kikomo chake haufikwi na hayo. Ombi la kumbukumbu linakataliwa, PostgreSQL inatoa kosa lenye namba 53200, muamala huo mmoja unafutwa, na mteja anabaki ameunganishwa na aweza kuuliza swali jepesi zaidi. Wenzake hawana habari. Kikomo, basi, hakiizuii seva isishindwe. Kinahakikisha kwamba kushindwa kunatokea mlangoni, wakati ombi bado linaweza kukataliwa. Mwongozo wa PostgreSQL hupendekeza pia kuizuia Linux isitoe ahadi za ziada, kwa kuweka vm.overcommit_memory kuwa 2, na pendekezo hilo ni zuri kwa seva isiyo na kazi nyingine. Kwa seva yenye shughuli mchanganyiko lina ugumu, kwani programu nyingi zimezoea kuomba zaidi ya wanachokitumia waandishi wake.

Tangu mwaka 2008 Linux ina utaratibu mwingine, wa kuhesabu kumbukumbu ya kundi zima la michakato badala ya mmoja mmoja. Kwa hesabu, huu ni bora: kumbukumbu ya pamoja huhesabiwa mara moja, na kinachopimwa ni kurasa halisi. Lakini kundi likigonga ukomo wake na kiini kikashindwa kupata kurasa za kurudisha, mchakato mmoja wa kundi hilo huuawa, na hadithi ni ile ile ya nyumba ya wageni. Kikomo cha kundi kinahesabu vizuri na kushindwa vibaya. Kikomo cha mchakato kinahesabu vibaya na kushindwa vizuri. Msimamizi mwangalifu huweka vyote viwili, cha mchakato kikiwa karibu na cha kundi kikiwa mbali kama ukuta wa mwisho.

8.0 Mahali pa kuandika

Vikomo hurithiwa. Mchakato huvipata kutoka kwa mzazi wake wakati wa kuzaliwa, na amri ya ulimit hubadilisha vya ganda lililoitoa na vya wale watakaozaliwa nalo baadaye. Kutokana na hilo hutokea mkanganyiko ulio maarufu: msimamizi anaingia katika seva, anaandika ulimit, anaona tarakimu aliyoitaka, na kuondoka ameridhika. Alichokiona ni kikomo cha ganda lake. Hifadhidata iliwashwa mashine ilipowaka, na mzazi wake ni mwingine. Hali kadhalika faili ya /etc/security/limits.conf ya Linux huwahusu wanaoingia kwa mlango wa kuthibitisha watumiaji. Huduma iliyowashwa na systemd haipiti hapo, na kikomo chake huandikwa katika faili yake ya huduma kwa mstari wa LimitAS. Katika FreeBSD mahali pake ni daraja la mtumiaji katika /etc/login.conf, na baada ya kuihariri sharti amri ya cap_mkdb itolewe, vinginevyo mfumo utaendelea kusoma nakala ya zamani.

Vipimo navyo havilingani. Ulimit ya ganda huhesabu kumbukumbu kwa kilobaiti, limits.conf vilevile, lakini wito wa setrlimit na mstari wa LimitAS usio na herufi ya kipimo huhesabu kwa baiti. Tarakimu 4980736 iliyohamishwa kutoka faili moja kwenda nyingine bila kugeuzwa itaipa hifadhidata nafasi ya chini ya megabaiti tano, na haitawaka.

Katika Linux ukweli husomwa mahali pamoja: faili ya limits iliyomo katika saraka ya mchakato husika chini ya /proc. Tangu toleo la 2.6.36 la mwaka 2010 inawezekana pia kubadilisha kikomo cha mchakato ulio hai kwa njia ya prlimit, bila kuizima hifadhidata. Kukishusha hakuurudishi mfumoni kumbukumbu iliyokwisha kutolewa; maombi yajayo tu ndiyo yatakayokataliwa. Na kikibadilishwa kwa mchakato mkuu wa PostgreSQL, wateja waliokwisha kuunganishwa hubaki na cha zamani hadi waondoke na kurudi. Kwa hiyo jaribio hufanywa kwa muunganisho mpya, saa ambazo hakuna mtu kazini, kwa swali lililotungwa makusudi kuzidi megabaiti 512, huku dirisha la pili likiwa limefunguliwa kwa mteja mwingine aliyetulia. Swali likikataliwa kwa namba 53200 na dirisha la pili likaendelea kujibu, kikomo kimekaa. Dirisha la pili likikatika, kuna tarakimu mahali fulani iliyohesabu kitu kingine.